Je, Wajua? Sekunde Nane, Picha 192

Je, wajua kwamba video ya sekunde 8 ina picha 192 ndani yake? Filamu huenda kwa picha 24 kila sekunde. Piga hesabu mwenyewe hapo ulipo. Na siku hizi unaweza kuzipata zote 192 ukiwa umekaa stendi ya Nachingwea, kwa kuandika sentensi mbili tu kwenye simu na kuiachia akili mnemba kazi iliyobaki!

Sentensi hizo ndizo vijana wanaziita prompti. Na je, wajua kwamba kinachoiangusha prompti mara nyingi si sura ya mtu wala rangi ya nguo, bali mwendo? Andika "mama yuko sokoni Ruangwa" na unaweza kupewa mama mzuri kweli, lakini ameganda, macho mbele, kanga haitikisiki. Sema anafanya nini, kwa kasi gani, anaelekea wapi na kamera inamtazama kutoka wapi. Hapo ndipo uhondo unapoanza.

Shika hii: bibo likidondoka kutoka urefu wa mita 5, hufika chini kwa sekunde 1. Sekunde moja, picha 24, basi! Ukiona kwenye video yako bibo linaelea hewani sekunde tatu nzima, ujue mashine imekupa mwendo wa polepole ambao hukuuagiza.

Usidhani hayo yanakupata wewe peke yako. Mwaka 2024 kundi la shy kids la Toronto, Kanada, lilitengeneza filamu fupi ya Air Head kwa kutumia Sora, mashine ya kutengeneza video kwa maneno, inayomhusu jamaa mwenye puto badala ya kichwa. Vipande vingi vilitoka vikijivuta bila kuombwa, ikabidi waviongeze kasi wenyewe. Na unajua walitupa video kiasi gani? Mmoja wao alikadiria 300 kwa 1: ili kupata sekunde moja ya kuweka kwenye filamu, sekunde kama 300 zilitengenezwa!

Kwa hiyo ongeza maneno haya mwishoni mwa prompti yako: "kwa kasi ya kawaida". Ni maneno manne tu, na bando lako litakushukuru.

Je, wajua kwamba korosho huning'inia nje ya bibo, chini kabisa? Na kwamba mkulima wa Nachingwea hapandi mtini kuichuma? Huliacha bibo lidondoke lenyewe, kisha huokota. Ukiandika "mtu anachuma korosho", usishangae mashine ikimpa ngazi! Andika hivi: "Mkulima anainama, anaokota bibo kwa mkono wa kulia, ananyofoa korosho, anaitupia ndooni." Vitendo vinne, na sekunde 8 zimekwisha.

Hapohapo sikia na hili: kipande kifupi hupenda vitendo vichache vilivyo wazi. Rundika vitendo kumi, utaona vidole vinayeyukiana, ndoo inageuka kofia, na bibo linarudi mtini. Kata hadithi yako vipande vipande, kila kipande na kazi yake.

Je, umewahi kutazama salfa ikipulizwa kwenye mikorosho? Hupulizwa asubuhi na mapema, wakati umande ungali kwenye majani na upepo umetulia, ili ugonjwa wa ubwiriunga usiyale maua. Unga wa njano hupanda kwa kishindo kutoka kwenye bomba, hutanda juu ya matawi, halafu hushuka taratibu. Ona, huo ni mwendo mmoja wenye kasi tatu! Ziandike zote tatu, kwa mfuatano huohuo. Ukiandika "moshi wa njano" tu, utapewa ukungu usiokwenda popote.

Na ufuta je? Ufuta ukikauka, vitumba vyake hufunguka kwa juu. Ndiyo maana wakulima hukausha mashada yakiwa wima, kisha huyageuza juu chini kwenye turubai na kuyapigapiga. Punje humwagika nyingi kwa pigo la kwanza, chache kwa la pili, chache zaidi kwa la tatu. Sijui kama kuna mwendo mzuri kuliko huo wa kuwaonyesha watu wa mbali waliozoea kuiona mbegu hii juu ya mkate tu! Andika mapigo matatu, andika kila pigo limemwaga kiasi gani.

Je, wajua kwamba jina la RUNALI limebeba wilaya tatu? Ruangwa, Nachingwea, Liwale: chama kikuu cha ushirika cha wakulima, chenye minada ya korosho na ufuta. Sasa nenda ghalani kwake kwa mawazo tu, umtazame mbebaji. Akili mnemba haijawahi kubeba kitu tangu izaliwe! Usipoiambia, gunia la korosho litapaa begani kwa kijana mithili ya mto wa kulalia. Iambie uzito kwa kupitia mwili: "magoti yanakunjika, mgongo unajikaza, hatua ni fupi, shingo imepinda, gunia linayumba kidogo kila hatua."

Mtu mzima akitembea kawaida hupiga hatua 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa sekunde 8 ni hatua 13 hadi 16, umeona? Na mtu huyohuyo hupepesa macho mara 15 hadi 20 kwa dakika. Kwa hiyo video ya sekunde 8 isiyo na pepeso hata moja inamtia mtazamaji wasiwasi bila yeye kujua kwa nini. Andika "anapepesa macho mara mbili" na yule mtu anapata uhai ghafla!

Haya, tuingie ndani ya mashine

Je, wajua kwamba video hizi huanzia kwenye vurugu tupu? Mashine huanza na madoadoa yasiyo na maana yoyote, halafu huyasafisha hatua kwa hatua, ikiongozwa na maneno yako, mpaka bodaboda na mkorosho vinatokeza. Maneno yako ndiyo yanayoyaambia madoadoa yaende wapi. Maneno yako!

Tena haitengenezi picha ya kwanza, ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu. Mashine ya aina ya Sora hukatakata video nzima katika vijipande vidogo vya eneo na muda kwa pamoja, na kuvisafisha vyote kwa mkupuo. Mwanzo na mwisho hupikwa chungu kimoja. Ndiyo maana inafaa kusema mapema kitendo kinaishia wapi, siyo kinaanzaje tu.

Machi 2023 dunia ilicheka sana video ya Will Smith akila tambi: uso unayeyuka, tambi zinatoka zenyewe, mikono haijulikani ni ya nani. Miezi 11 tu baadaye, Februari 2024, kampuni ya OpenAI ikaitambulisha Sora kwa video ya mwanamke anayetembea barabarani Tokyo kwa dakika nzima. Miezi 11!

Lakini subiri kidogo. Mtazame vizuri yule mwanamke wa Tokyo, utaona mahali miguu yake inabadilishana: wa kushoto unageuka wa kulia katikati ya hatua! OpenAI wenyewe walisema wazi siku ileile kwamba Sora huweza kuchanganya kushoto na kulia. Walisema pia mtu anaweza kuuma biskuti, na biskuti ikabaki nzima.

Kumbe dawa yake ni rahisi. Usiandike "anakwenda kushoto", maana kushoto kwa nani? Kwake au kwa mtazamaji? Andika "anatoka upande wa kushoto wa kioo kwenda upande wa kulia wa kioo". Na biskuti? Andika "biskuti inabaki na pengo la meno".

Je, wajua kwamba "si" ya kukanusha inaweza kukuponza? Waundaji wa Runway, mashine nyingine ya video, huwashauri watumiaji waandike wanachotaka kukiona, siyo wasichotaka. Ukiandika "kamera isisogee", mashine inaweza kuokota "kamera" na "sogee" na kukuletea kinyume chake. Andika "kamera imetulia juu ya miguu mitatu" na mambo yanakwisha.

Hii nayo inashangaza: Runway mwaka 2023 walitoa brashi ya mwendo. Unapaka rangi juu ya kitu kwenye picha, tuseme bendera, unaonyesha kinaelekea upande gani, nacho kinaanza kusogea huku vingine vimetulia. Kidole kimoja kinafanya kazi ya maneno ishirini!

Na mwaka 2025, mwezi Mei, Google walitoa Veo 3, ambayo hutengeneza na sauti papo hapo: hatua zinasikika, injini inanguruma, mtu anaongea. Sasa mwendo una masikio! Jiwe likitumbukia mtoni Mbwemkuru, andika na mlio wake, maana usipouandika mashine itachagua wa kwake.

Prompti yako ni fupi? Je, wajua kwamba Sora ilipotambulishwa, waundaji wake walieleza kuwa maneno machache ya mtumiaji hurefushwa na mashine nyingine kuwa maelezo marefu kabla video haijatengenezwa? Maana yake ni kwamba usiyoyasema wewe, yatasemwa na mwingine kwa niaba yako. Na huyo mwingine hajawahi kufika Ruangwa. Amelishwa maelezo mengi mno ya Kiingereza na machache ya Kiswahili, kwa hiyo soko lake ni soko la kwingine, na vumbi lake ni la kwingine. Mimi nasema usimwachie nafasi. Jaza mwenyewe: udongo mwekundu, pikipiki mbili, jua la saa kumi jioni, mama anayejifunga kanga upya bila kusimama.

Na hapo Kiswahili kinakupa kila kitu. Kunyata, kuchechemea, kupepesuka, kujikokota, kutimka, kuyoyoma, kujongea, kutambaa: kila kitenzi ni mwendo wake kamili, na mwili wake, na kasi yake. Ukiandika "anatembea", umeipa mashine nusu ya habari. Kama mashine yako haiyaelewi maneno hayo vizuri, lifumue neno: "anaweka mguu wa kulia chini kwa tahadhari, anauinua haraka, uzito wote uko mguu wa kushoto." Hapo umepata kuchechemea kwa lugha yoyote utakayoiandikia.

Kamera nayo ina miguu

Kusogeza kamera na kuvuta lenzi si kitu kimoja, ulijua hilo? Kamera ikisogea, miti ya karibu hupita haraka na vilima vya mbali hubaki pale pale. Ukivuta lenzi, kila kitu hukua kwa pamoja. Mwaka 1958, katika filamu ya Vertigo, Alfred Hitchcock alivifanya vyote viwili kwa wakati mmoja, kimoja mbele kingine nyuma, na watazamaji wakahisi kizunguzungu. Leo unaandika tu: "kamera inarudi nyuma huku lenzi inavuta mbele."

Bodaboda ikienda kilomita 60 kwa saa, kwa sekunde 8 imekata mita 133. Huo ni urefu wa uwanja wa mpira na ziada! Kati ya picha moja na inayofuata, imeshasogea karibu sentimita 70. Amua basi: kamera inasimama na kuiacha ipite, au inaifuata ubavuni? Ikisimama, bodaboda inaonekana sekunde mbili tu na zinazobaki ni za vumbi. Vumbi nalo lina raha yake, lakini liwe chaguo lako.

Je, umewahi kuona kwenye filamu magurudumu yanazunguka kinyumenyume wakati gari linakwenda mbele? Si uchawi. Gurudumu linakaribia kumaliza mzunguko kati ya picha mbili, na jicho linadhani limerudi nyuma kidogo. Akili mnemba imetazama filamu nyingi sana zenye mchezo huo, kwa hiyo ukitaka gurudumu linalokwenda mbele, litaje kwa jina.

Mkwaju wa penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira ukienda kilomita 100 kwa saa, hufika golini kwa sekunde 0.4, yaani picha kama 10 tu! Kipa akisubiri aone mpira ndipo aruke, amechelewa. Andika basi "kipa anaanza kuruka mguu wa mpigaji unapogusa mpira", na video yako itakuwa na kipa wa kweli.

Na ukitaja mpira Ruangwa, umetaja Namungo! Wajua kwamba Wauaji wa Kusini walipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza msimu wa 2019/20, na msimu huohuo wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Sumbawanga? Simba iliwafunga 2-1, tarehe 2 Agosti 2020. Msimu uliofuata, klabu kutoka Ruangwa ilikuwa kwenye hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikipangwa na Raja ya Morocco na Pyramids ya Misri. Ruangwa hiyo!

Sasa msikilize mtangazaji wa mpira redioni. "Anaingia na mpira wingi ya kulia, anamlamba chenga beki wa kwanza, anapunguza kasi, anainua kichwa, anapiga krosi ndefu, mpira unapinda kuelekea nguzo ya mbali." Hebu ihesabu: nani, wapi, upande upi, kasi gani, mwisho wapi. Hiyo ni prompti iliyokamilika, na watangazaji wetu walikuwa wanaitoa miaka mingi kabla kompyuta haijafika kusini! Ukikwama, fumba macho, tangaza mwendo unaoutaka kwa sauti, kisha andika ulichosema.

Kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea video pia kazi hiyo ipo. Kenya yuko DJ Afro, aliyejipatia jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu kwa juu, ngumi kwa ngumi. Tanzania wasimulizi wa muvi za kutafsiriwa wamejaza vibanda kila mkoa. Mtu anayeweza kueleza teke la Bruce Lee kabla halijatua, anaweza kumwelekeza mhusika yeyote wa akili mnemba.

Ajabu ni kwamba zamani Waafrika waliambiwa hawayawezi mambo ya filamu. Mwaka 1939 Waingereza walianzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika hafuati filamu yenye kamera inayosogea haraka, kwa hiyo kila kitu kiende polepole na kamera itulie. Hebu ingia kibanda umiza chochote Jumamosi jioni uone hatima ya nadharia hiyo leo! Ilikuwa dharau, na iliwanyima watazamaji filamu nzuri kwa miaka.

Kabla ya hapo, je, wajua kwamba Tanganyika ilikuwa na kiwanda chake cha filamu kule Vugiri, milima ya Usambara? Kati ya 1935 na 1937 zilitengenezwa filamu 35 hapo, kuhusu kodi, minyoo, benki ya akiba ya posta na mengineyo. Sauti ilikuwa kwenye santuri pembeni, ili filamu ileile iweze kusema lugha mbalimbali.

Televisheni nayo? Zanzibar ilikuwa na ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara! Bara tulisubiri hadi 1994. Kutoka 1994 hadi video ya kuandikwa kwa kidole, ni miaka 30 tu.

Miguu minne, mabawa manne na ulimi mmoja

Je, farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne iko hewani? Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ili apate jibu. Jibu ni ndiyo! Lakini siyo pale miguu inaponyooka mbele na nyuma, kama wachoraji walivyochora kwa karne nyingi. Ni pale inapokusanyika chini ya tumbo.

Tembo ndiye kinyume chake. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba waliwapima tembo wa Thailand wakienda kasi ya kilomita 24 kwa saa, na hata hapo miguu yote minne haikuwa hewani kwa pamoja. Tembo mzima haruki! Ukiona kwenye video yako tembo anarukaruka, rudi kwenye prompti uandike "mguu mmoja au zaidi uko ardhini muda wote".

Twiga, mnyama wa taifa letu, ana mwendo wa aina mbili tu: kutembea na kukimbia. Hana mchakamchaka wa katikati! Iambie mashine mapema, isije ikampa mwendo wa farasi.

Nyuki hupiga mabawa mara 230 hivi kwa sekunde. Katika picha moja tu ya video yako, ameshapiga karibu mara 10! Kwa hiyo bawa la nyuki linaloonekana wazi wazi ni bawa la uongo, isipokuwa umeomba mwendo wa polepole sana. Omba "mabawa ni ukungu tu".

Na sasa kiboko yao. Usambara kuna kinyonga mdogo, Rhampholeon spinosus, asiyepatikana kwingine duniani. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba ulimi wake huchomoka kwa msukumo unaofikia mara 264 ya mvutano wa dunia, na hufika mara 2.5 ya urefu wa mwili wake! Kazi hiyo ni ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Kwenye picha ya kwanza mdudu yupo, kwenye ya pili hayupo, na ulimi hukuuona kabisa. Huyu ni lazima umwombee mwendo wa polepole, la sivyo watu watadhani mdudu ametoroka.

Vilivyopita vinaweza kusogea tena

Moja ya filamu za kale zinazojulikana zaidi ni ya ndugu Lumière wa Ufaransa: treni inaingia stesheni ya La Ciotat. Ina sekunde kama 50, na kamera haikusogea hata kidogo. Treni ndiyo iliyosogea, ikija pembeni kuelekea kwa mtazamaji, na hiyo ilitosha.

Nachingwea nayo ilikuwa na treni! Wangapi kati ya vijana wa leo wanajua? Mwaka 1947 Waingereza walianza Mradi wa Karanga kule Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakilenga zaidi ya ekari milioni 3. Walileta hata vifaru vya Sherman vya vita vilivyogeuzwa matrekta, na reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Treni hiyo unaweza kuirudisha kwa prompti: "treni inakuja mbele, moshi unalala nyuma, mabehewa yanatikisika moja baada ya jingine." Moshi na treni viende pande tofauti, tafadhali. Mashine husahau.

Je, wajua kwamba Nachingwea ndiko ilikokuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na kwamba kiongozi wao Samora Machel aliishi na kuwafunza hapo? Mwezi mmoja hivi kabla ya uhuru wa Msumbiji wa tarehe 25 Juni 1975, alivuka kutoka Tanzania na kuipita nchi yote hadi mji mkuu. Siku hizi picha mnato ya zamani inaweza kupewa mwendo. Wacha bendera ipepee, vumbi linyanyuke, majani yatikisike. Lakini midomo ya Samora iache. Maneno yake aliyasema mwenyewe, na bado wapo wazee Nachingwea waliomsikia.

Na si heshima tu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na kusambaza taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha ni kosa. Mafuriko uliyoyatengeneza kwa simu yaandike kuwa ni ya kutengenezwa, yasije yakamkimbiza mtu shambani kwake.

Simu yenyewe je? Ndani ya betri yake, madini ya kinywe ni mengi kuliko lithiamu kwa uzito! Na kinywe kiko Ruangwa, chini ya udongo uleule wa mikorosho.

Chini ya udongo wa Mkoa wa Lindi kulikuwa na kingine kikubwa zaidi. Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria wakubwa wa kale, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa dinosaria hao, Giraffatitan, amesimama Berlin leo akiwa na kimo cha mita 13.27! Hakuna binadamu aliyewahi kumwona akitembea, kwa hiyo mwendo wake utautunga wewe: miguu mizito ya tembo, mkia hewani, shingo inayoyumba baada ya kila hatua. Ianzishe kamera kwenye unyayo, ipande mita moja kila sekunde. Sekunde 8 zitakwisha, picha zote 192, na wewe bado uko shingoni!